Fundi aliyeifanya kompyuta yangu ikimbie

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Nilisema nisubiri zipoe kwanza. Nimesubiri tangu kipindi kile cha baridi kali hadi sasa mahindi ya kuchoma yameshajaa barabarani, na bado hazijapoa.

Mimi ni prodyuza wa chumbani. Studio sina, nina chumba cha nyuma hapa Ilomba, Mbeya: godoro kuukuu nimelisimamisha ukutani lizuie mwangwi, maiki moja, intafesi ndogo ya kuchomeka maiki mbili (kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), na kompyuta ya mezani ya mtumba, zile za maofisini Ulaya ambazo bado zina kibandiko cha namba ya mali. Wateja wangu ni vijana wa bongo fleva wanaolipa nusu, na kwaya zinazolipa kwa maombi.

Mashine ilikuwa inanichosha. Unaiwasha, unakwenda kubandika chai, unarudi bado inazungusha kile kiduara. Nikifungua FL Studio, programu ninayotengenezea muziki, na kuongeza plagini ya piano, yaani piano ya ndani ya kompyuta, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikasema basi, niipeleke kwa fundi. Nikaifunga blanketi, nikapakata kwenye bajaji hadi Mwanjelwa, kwa fundi mmoja ambaye watu wengi walikuwa wanamsifia. Jina lake na la duka lake sitaji. Anajijua.

Nilipofika nikaanza kumweleza: kaka, hii natengenezea muziki, kwa hiyo shida yangu hasa ni kwamba sauti... Hakuniacha nimalize. Akainua mkono kama trafiki. "Bosi, wewe jua kuimba. Kompyuta tuachie wenyewe." Palikuwa na watu kama wanne hapo wakisubiri simu zao. Wakacheka. Dada mmoja alicheka mpaka akaegemea kaunta. Na mimi, mjinga, nikacheka nao.

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia, ila sikujua.

Nimtendee haki kidogo. Alitoa hadi diski ya zamani akaweka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, akapuliza vumbi (lilitoka la kujaza kisonzo, nilikuwepo), akabadilisha ile pesti ya kwenye prosesa iliyokuwa imekauka kama ugali wa juzi. Na mwisho, bila kuniuliza, akaweka programu ya "kuongeza kasi", ina picha ya roketi ya rangi ya chungwa pembeni ya skrini. "Hii ndiyo dawa yenyewe," akasema. Nikalipa 85,000 pamoja na ufundi.

Nilipoiwasha nyumbani nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mlangoni. Iliwaka kabla sijakaa vizuri. Sampo za ngoma zilizokuwa zinachukua muda wa kuswaki meno zikafunguka palepale. Feni kimya. Usiku ule ningeandika hapa ningempa nyota zote na nyingine ningezikopa kwa jirani.

Siku chache baadaye akaja bibi.

Huyu ni mdogo wake bibi mzaa mama, kwetu naye ni bibi tu. Alitoka Tukuyu kuja kupima macho, akalala kwetu siku mbili. Kuna wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kinyakyusa, ambao mama yangu aliimbiwa, na katika ukoo wetu amebaki yeye peke yake anayeujua mpaka mwisho. Wengine wote tunajua vipande, tukifika katikati tunaanza kuvumisha. Miaka nimekuwa nikisema nitamrekodi. Siku hiyo nikamwomba, akakubali, kwa sharti moja. "Mjukuu, wimbo huu hauimbwi mara mbili kwa siku. Mtoto akishalala, amelala."

Nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Nikashusha bafa (akiba ndogo ya sauti, nitaieleza hapo chini) hadi 128 ili ajisikie bila kuchelewa. Akafumba macho, akaanza. Jamani, bibi ana sauti. Ubeti wa kwanza, wa pili, mke wangu amesimama mlangoni hapumui. Tulipoingia kwenye ubeti ambao hakuna kati yetu anayeujua, ikaanza: tss, tss, trrrk. Halafu sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika. Natazama skrini: ile roketi imeamka yenyewe, inazunguka, imeandika kwamba inasafisha mashine yangu ili iwe na kasi zaidi.

Bibi hakujua. Aliimba mpaka mwisho, akavua hedifoni, akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza, bibi. Akasema ndaga, mimi ndiye niliyepaswa kumshukuru. Alfajiri akapanda kosta pale Nanenane, akarudi kwao.

Kwa wasiojua kwa nini mashine inayokimbia inaweza kukwaruza sauti, nitaeleza kwa lugha ya mjengoni. Umeona vibarua wanavyorushiana matofali hadi kwa fundi aliye juu? Sauti inasafiri hivyohivyo. Matofali 44,100 kila sekunde, na fundi hasubiri. Bafa ni lile rundo dogo la matofali analowekewa pembeni ili kibarua akijikuna, ukuta usisimame. Rundo la 128 linatosha kwa karibu milisekunde 3 tu. Rundo la 1024 linatosha kwa milisekunde 23, lakini sasa kila tofali linakaa kwenye foleni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kwa hiyo mwimbaji anajisikia akijifuata nyuma, kama anayeimba bondeni. Ukishusha bafa unaomba jambo moja: asije kibarua yeyote akaacha mstari kwenda kufanya kazi nyingine. Haijalishi ana mbio kiasi gani. Akiondoka kidogo tu, tofali limedondoka, na wewe unasikia tss.

Na fundi wangu aliniajiria kibarua ambaye kazi yake ni kuacha mstari.

Nikampigia. Nilikuwa bado mpole, nakuapia. Nikamweleza kuhusu roketi, kuhusu bibi, kuhusu mikwaruzo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa naoga yananijia: "Sasa kaka, una uhakika siyo bibi mwenyewe ndiye anayekwaruza?" Na nyuma yake nikasikia watu wakicheka. Sijui kama ni walewale. Kwangu ni walewale.

Nikakata simu. Wiki ile sikulala vizuri, nilikaa na ile mashine usiku baada ya usiku kama mtu anayeuguza. Kwanza niliing'oa roketi. Mikwaruzo ikapungua, haikuisha. Nikaenda kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, nikauweka kwenye utendaji wa juu, kwa sababu kumbe kawaida prosesa inapunguza mwendo ikiona hakuna kazi, na ile kushuka na kupanda katikati ya wimbo nayo inaleta mambo. Hapohapo nikaizuia isizime milango ya USB kwa ajili ya kubana umeme, maana intafesi yangu inaning'inia kwenye mlango huohuo. Antivairasi nikaiambia isiguse folda ya miradi. Draiva ya intafesi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, nikapakua ile ya waliotengeneza kifaa chenyewe, yenye ASIO, njia ya mkato ya sauti, badala ya kutegemea iliyokuja na mashine.

Bado tss moja moja. Hapo nikapakua LatencyMon. Hiki ni kiprogramu cha bure kinachokaa kimya na kuandika ni draiva gani inayokalia prosesa muda mrefu kuliko inavyostahili. Nikakiacha dakika kumi. Aliyekamatwa ni draiva ya waifai. Yaani hata kama siperuzi chochote, kale kadude kalikuwa kanatafuta mtandao kila mara, na kila kakitafuta tofali linadondoka. Sasa nikirekodi naizima kabisa kwenye orodha ya vifaa. Siku hizi nyimbo zenye treki thelathini zinapita, na zile nzito nazigeuza kuwa sauti ya kawaida ili plagini zipumzike. RAM sijaongeza hata kidogo, ni GB 8 zilezile. Niliyofanya yote yalinigharimu bando tu.

Mnaona kinachoniuma? Mashine ya muziki si ya kukimbia tu, inatakiwa isichelewe. Ni vitu viwili tofauti, na angeniacha nimalize sentensi yangu siku ile ningemwambia. Nilikuwa nimefika kwenye neno "sauti"!

Haya, sasa niseme na lile ambalo sikutaka kuliandika, maana kuna rafiki yangu anayejua na atanichoma kama nikinyamaza. Kwenye intafesi yangu, mbele kabisa, kuna kitufe. Ukikibonyeza, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye kifaa bila sauti kupitia kwenye kompyuta. Ningekibonyeza, ningeacha bafa kwenye 1024, bibi angejisikia bila kuchelewa, na roketi ingezunguka mpaka ichoke bila kudondosha kitu, au pengine ingedondosha kidogo sana. Kitufe nimekuwa nacho miaka miwili. Nilidhani ni cha mambo ya redio.

Kwa hiyo kosa ni langu? Nusu. Sawa, labda zaidi ya nusu. Na ile SSD kweli ni kazi nzuri, mpaka leo haijanisumbua, na bei yake si ya wizi, nimeulizia sehemu nyingine ni ghali zaidi. Vumbi lilitoka. Pesti ilibadilishwa. Mashine haichemki tena hata nikichanganya wimbo usiku kucha. Nikiandika haya nahisi nyota zinapanda, tatu, tatu na nusu...

Halafu nakumbuka "bibi mwenyewe ndiye anayekwaruza", zinashuka zote. Bibi wa watu, aliyevaa hedifoni juu ya kilemba na kufumba macho. Moja. Na hiyo moja ni ya SSD.

Ile rekodi ninayo. Nimejaribu kuisafisha, lakini mkwaruzo ukiuondoa na herufi inaondoka nao, na penye shimo hakuna cha kurudisha. Nimempigia bibi simu, nikamwomba tena. Amesema niende mimi hukohuko na huo mtambo wangu, yeye Mbeya na vumbi lake basi, na niende wakati kuna mtoto wa kumlaza, hawezi kuimbia kuta. Binamu yangu anatarajia kujifungua. Nimeshaazima laptopu.

Juzi nilikuwa na safari zangu Mwanjelwa nikapita mbele ya lile duka. Sikupanga kuingia. Ila kupitia mlangoni nikaona skrini ya mtu, na pembeni ile roketi ya chungwa inazunguka. Nikaingia. Kulikuwa na dada amekaa kwenye benchi, anasubiri.

"Dada samahani, hii mashine yako ni ya kazi gani?"

"Ya kuchapia barua na vyeti, kaka. Nina kibanda cha kutoa kopi. Kwani vipi?"

"Hamna. Basi sawa."

Nikageuka kuondoka, fundi akainua kichwa kutoka kwenye bisibisi zake. Akanitambua. Akatabasamu kama tumelala nyumba moja.

"Kaka wa muziki! Mashine si inakimbia?"

"Inakimbia," nikamwambia.