Skana ya negativu kubwa na za panorama: ipi ununue kwanza

Chukua rula upime negativu zako kabla ya kuuliza bei. Picha ya 6×17 (sentimita, kwenye filamu pana ya roli iitwayo 120) ina milimita 56 kwa 168. Ya kamera ya panorama ya Hasselblad XPan ni 24 kwa 65, kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35. Kipande cha inchi 4 kwa 5 kina picha ya karibu 95 kwa 120. Skana nyingi za mezani zina kioo cha ukubwa wa A4, lakini taa ya kwenye mfuniko, ile inayopenya filamu, huwa ni ukanda mwembamba tu. Anayenunua kwa kutazama kioo huishia na nusu ya picha.

1. Epson V850, au V700, V750 na V800 zilizotumika

Hii ndiyo ya kwanza kwa mwenye negativu za aina mchanganyiko. Taa yake inafikia inchi 8 kwa 10, na kishikizo chake cha filamu ya 120 kinapokea hadi sentimita 6 kwa 20, kwa hiyo 6×17 inaingia nzima. Tangazo linasema nukta 6400 kwa inchi. Usahihi halisi ni karibu 2300 hadi 2400. Ukiskani kwa 6400 unajaza diski bure. Kwa 2400, 6×17 ya rangi, biti 48, ni faili la takriban MB 500, na hilo linatosha chapa ya upana wa mita moja na nusu.

Ukiona picha laini, usilaumu lenzi haraka. Fokasi imekazwa milimita chache juu ya kioo, na vishikizo vina miguu ya kupandisha na kushusha. Skani kipande kilekile katika kila kimo, linganisha chembe za filamu, kisha acha mguu palipo pakali zaidi. Tatizo kubwa zaidi ni filamu ndefu kubonyea katikati. Dawa yake ni kioo cha kuzuia pete za Newton, kile chenye uso uliokwaruzwa kidogo, kigusane na upande wa filamu unaong'aa. Kioo cha kawaida kikigusa upande huo kitachora miviringo ya rangi. Na ukijitengenezea fremu ya kadibodi, usizibe ule upenyo mdogo ulio kwenye kichwa cha kishikizo. Skana hujipimia mwanga hapo. Vumbi moja tu hapo huleta mstari kuanzia mwanzo wa picha hadi mwisho.

Kwa iliyotumika, mulika kioo kwa tochi ya pembeni uone kama kuna ukungu kwa ndani, na hakikisha vishikizo vyote vipo. Muuzaji akisema "vinapatikana mtandaoni", punguza bei. V700 na V750 hutumia taa za mirija zinazohitaji kupata joto kwanza. V800 na V850 ni LED.

2. Kamera ya dijitali na lenzi ya makro

Kama kamera unayo tayari, hii inapanda hadi namba moja, hasa kwa XPan, ambayo skana ya mezani huinyima ukali. Utahitaji stendi imara, meza ya mwanga yenye CRI (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi kwa uhalisia) ya 95 au zaidi, na kishikizo kinachonyoosha filamu. Weka kioo cha kujitazamia mahali pa filamu: duara la lenzi likionekana katikati kabisa ya picha, kamera imenyooka. Pima maji haifikii usahihi huo.

Kwa 6×17 na kamera ya megapikseli 24, upande mrefu wa sensa ulale kukatiza upana wa filamu, ukifunika milimita 60. Kila picha inachukua milimita 40 za urefu. Sogeza filamu (si kamera) milimita 28 kila mara, na picha 6 zinamaliza kazi. Tumia f/8 na ISO 100, fokasi, mwanga na mizani ya rangi vyote kwa mkono. Ukiacha kimoja kwenye otomatiki, anga litatoka na mabaka palipounganishwa. Piga pia picha moja ya meza tupu ili programu isawazishe giza la pembeni. Ziba kwa karatasi nyeusi mwanga wote unaovuja nje ya filamu.

3. Epson V600

Nafuu, na filamu ya 120 inaingia hadi sentimita 6 kwa 22. Usahihi halisi ni kama nukta 1500. Inchi 4 kwa 5 haiingii kwa mara moja, basi.

4. Skana maalumu za filamu

Zina ukali kuliko zote hapa, lakini Plustek OpticFilm 120 inaishia 6×12 na Nikon Super Coolscan 9000 inaishia 6×9, tena kwa waya wa FireWire ambao kompyuta mpya hazina. Kwa panorama ndefu ni fedha nyingi kwa kazi ya kuungaunga.

Kwa skana yoyote, zima Digital ICE (kifuta vumbi cha skana) unapoweka filamu ya nyeusi na nyeupe yenye fedha: hudhani chembe ni vumbi na kuharibu picha. Negativu za Pwani zilizoota ukungu zisiguswe na maji, kwani utando uliokwisha kuliwa huyeyuka. Tumia pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi, pembeni kwanza.