Uzoefu wangu: kuta za tofali la kuchoma bila lipu, Iringa

Nyumba yangu iko Mtwivila, Iringa mjini, na kuta zake za nje hazina lipu wala rangi. Ni tofali la kuchoma lililopigwa pointi, yaani viungio kati ya tofali na tofali vimejazwa saruji na kunyooshwa, kuanzia juu ya kitako cha ukuta hadi kwenye lenta. Imeshapita misimu kadhaa ya mvua, na kwa sasa naweza kusema kwa uhakika kwamba kama ningejenga tena kesho, ningerudia hivihivi. Watu wengi hunisimamisha getini kuniuliza tofali nilitoa wapi na nimepaka nini juu yake, kwa hiyo naeleza yote.

Kwanza, tofali lenyewe. Huku kwetu tofali la kuchoma ndilo la kawaida: udongo mwekundu upo, na mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga yanatosha kuwasha tanuri bila mtu kugusa miti ya asili. Mimi nilimtafuta mchomaji anayetumia mabanzi, na hilo lilikuwa sharti langu. Niliziangalia pia zile za kufungamana, za udongo na saruji, zisizochomwa. Ni nzuri sana zikitengenezwa vizuri, tena zinapunguza saruji ya kujengea. Lakini zinataka udongo uliopimwa na kumwagiliwa maji kwa siku nyingi baada ya kufyatuliwa, na mahali nilipokwenda kuziona zilikuwa zimepangwa juani, zimekauka, kona zinamenyeka ukizigusa. Nikaondoka.

Tofali la ukuta utakaopigwa lipu linaweza kuwa na kasoro, lipu itaificha. La ukuta wa wazi halina pa kujificha, ndiyo maana sikununua tanuri zima kwa bei ya jumla. Nilikubaliana na muuzaji nichague, nikaongeza bei kidogo kwa kila tofali. Tanuri zetu za kienyeji haziivishi sawa. Yaliyo pembezoni hutoka mabichi, rangi ya chungwa iliyopauka. Yaliyo jirani kabisa na moto huungua hadi yanapinda na kuwa meusi. Mazuri ni ya katikati. Gonga mawili kwa pamoja: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti butu. Jaribu kulikwaruza kwa ukucha, likiacha unga liweke pembeni. Kisha chukua machache, yapime yakiwa makavu, yalaze ndani ya maji usiku na mchana, uyapime tena. Tofali la kilo 3 likifika kilo 3.6 limeshakunywa asilimia 20 ya uzito wake, na mimi hapo ndipo nilipoweka mwisho. Angalia pia kama kuna vidoa vyeupe vya chokaa ndani ya tofali lililovunjika. Chokaa ile ikipata maji huvimba na kufumua uso wa tofali, na ukuta usio na lipu utabaki na mashimo.

Fundi wangu alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, na aliniambia mapema, "Mama, kazi hii usinihesabie kwa kozi za siku, utaniharibia," yaani nisimpime kwa idadi ya mistari ya tofali anayojenga kwa siku. Alikuwa na haki. Kila tofali alilichagulia uso wa kutazama nje. Aliyalowesha kabla ya kujengea, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya mota na saruji inabaki unga usioshika. Tulilaza, hatukusimamisha: ukuta ni mnene zaidi, na baridi ya Juni na Julai huku Iringa inahitaji ukuta mnene. Juu ya msingi tuliweka nailoni ili unyevu wa ardhini usipande. Tafadhali usiruke hatua hiyo. Ni gharama ndogo kuliko zote, na ukishajenga juu yake huna namna ya kurudi.

Pointi ndiyo inayofanya ukuta huu uonekane umekamilika. Mota ya viungio ilichokolewa ikiwa bado laini, kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, kisha baadaye ikajazwa saruji moja kwa mchanga tatu, mchanga uliochekechwa. Fundi aliibonyeza kwa kipande cha nondo ili iingie ndani kidogo na maji yasisimame juu ya ukingo. Kuna wanaopaka pointi rangi nyeusi au nyeupe. Mimi niliiacha na kijivu chake, na naona inakubaliana na wekundu wa tofali kuliko rangi yoyote.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipoisha, upande mmoja ulitoa unga mweupe. Ni chumvi inayotoka ndani ya tofali na mota maji yanapokauka. Usiioshe kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani. Niliisugua kwa brashi kavu, ikarudi kidogo mwaka uliofuata, sasa haionekani.

Kuhusu cha kupaka juu: dukani utapewa vanishi ya kung'aa, na siku ya kwanza ukuta utapendeza kweli. Siipendekezi. Inafanya ngozi juu ya tofali, unyevu ulioko ndani unakosa njia, halafu inabanduka vipande vipande. Mimi nilitumia dawa ya kuzuia maji isiyo na rangi, ya jamii ya silikoni, inayopenya ndani ya tofali na kuliacha lipumue. Ukuta haubadiliki sura, lakini maji yanateleza. Nilipaka upande unaopigwa na mvua ya upepo tu. Pande nyingine zinalindwa na upenu, ambao niliomba utoke sentimita 90. Ukitaka ukuta wazi, ongeza pesa kwenye upenu kabla ya kufikiria dawa yoyote.

Si kila mahali niliacha wazi. Kitako cha ukuta, pale maji ya mvua yanaporuka kutoka ardhini, kimepigwa lipu ya kurusha, na fremu za madirisha zimezungushiwa lipu laini ya rangi ya maziwa. Kwa lipu ya nje shika mambo mawili: jipsamu ni ya ndani, nje inalainika kwa maji, hivyo skimu, ile tabaka nyembamba ya kulainisha lipu, iwe ya saruji; na lipu mpya isubiri kama wiki nne kabla ya rangi, la sivyo ukali wa saruji utaila rangi hiyo.

Kasoro zipo. Kazi ilikwenda polepole na malipo ya fundi yalikuwa juu. Tofali zetu hazilingani, viungio ni vipana na vinakula saruji, na ndani lipu ilibidi iwe nene ili kunyoosha ukuta. Nyigu wanapenda vitundu vya pointi iliyolegea. Lakini jirani aliyejenga mwaka mmoja na mimi ameshapaka upya upande wa jua, kwa sababu bluu yake ilipauka. Wekundu wa tofali ni wa chuma kilicho ndani ya udongo wenyewe, jua haliufuti, na mimi sijanunua ndoo ya rangi kwa ajili ya kuta hizo tangu nihamie.

Jambo moja la kukumbuka wakati wa kuagiza: chukua ziada kutoka tanuri lilelile. Tanuri la msimu mwingine hutoa wekundu tofauti, hata kama mchomaji ni yuleyule. Nilipoongeza baraza mwaka jana nilitumia ziada yangu, na wageni hawajui baraza inaanzia wapi.