TAHADHARI: Miche ya matufaa iliyopakwa chokaa, Njombe na Makete

Wadau, mwaka jana nilipigwa. Naandika sasa kwa sababu mvua zinakaribia na jamaa ameshaanza kuzunguka tena na kirikuu chake.

Anauza miche ya matufaa, anasema ni aina za Anna na Dorsett Golden ya kubebesha, 7,000 kwa mche. Mashina yote yamepakwa chokaa mpaka juu ya maungio, pale mche ulipobebeshwa. Nilipouliza akajibu, "Hiyo kinga ya jua, kaka." Nikamdhania ni mtaalamu, maana ni kweli miti ya matunda hupakwa chokaa ili jua lisipasue gome. Nikachukua 60.

Mvua mbili kubwa zikaiosha ile chokaa. Karibu na maungio gome lilikuwa limebonyea, la kahawia, limepasuka pete ndani ya pete. Nikakwangua kwa ukucha. Mche wenye afya unakuonyesha kijani kibichi chini ya gome, mimi nikakuta kahawia kavu imeingia hadi ndani. Vidonda vya shina, ugonjwa wa kuvu. Miche 23 ilikuwa hivyo, na mingine imeonyesha baadaye, kwa kuwa kuvu huyu anaweza kukaa kimya ndani ya mche muda mrefu. Kidonda kikizunguka shina, juu kote kunakauka.

Nikampigia. Wala hakubisha! "Kawaida hiyo, dawa ninayo." Akaleta chupa ya maji ya kunywa, ndani kuna kitu cha bluu, 35,000. Haina lebo, haina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kipimo? "Kadiria tu." Nikanunua, msinicheke.

Bwana shamba alipoiona chupa alitikisa kichwa. Kidonda kikishaingia ndani ya shina, alisema, hakuna dawa ya kupuliza itakayokiponya. Dawa za kopa (madini ya shaba) hulinda makovu mapya, basi. Tawi lenye kidonda unalikata mpaka ufike penye mti msafi, siku kavu, kisu unakipangusa kwa spiriti kila ukimaliza mche mmoja, na ulichokata unachoma. Kikiwa kwenye maungio, ng'oa mche. Nimeng'oa 31. Kinachoniuma zaidi ni miti mitano ya marehemu mzee iliyo pembeni, kwa kuwa matone ya mvua ndiyo yanayorusha mbegu za kuvu, nazo huingia popote palipo na jeraha, hata kovu la jani lililodondoka.

Akifika kwako, mwulize karatasi ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu na miche (mimi aliniambia kaisahau nyumbani). Kisha chukua kitambaa kibichi, futa chokaa mwenyewe, mche kwa mche, kabla hujatoa hela.

Jina lake lipo kwa mtendaji wa kijiji, siliandiki hapa. Wiki iliyopita jirani yangu alimletea ndoo na kitambaa. Jamaa akasema chokaa bado haijakauka, akawasha gari.