Kisambaza Wi-Fi cha nje chenye antena za kubadilisha: uzoefu wangu

Ninacho cha bendi mbili (masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz), kile chenye konekta za N, viungio vya skrubu vya kufungia antena unazotaka. Kimekaa mlingotini juani na mvuani na bado kinafanya kazi vizuri. Nakipendekeza, ila antena na umeme wake vinataka umakini kuliko kifaa chenyewe.

Kilikuja na antena fupi za pande zote, za dBi 5 (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyoyakusanya mawimbi kuelekea upande fulani). Nilizijaribu pia za dBi 12, zile ndefu ambazo wauzaji huzisifia kwa namba. Antena haizalishi nguvu. Inayapunguza mawimbi yanayokwenda juu na chini, ikayaelekeza pembeni. Mwali wa dBi 12, yaani upana wa mawimbi yake kutoka juu hadi chini, ni kama digrii 7 tu, hivyo waliokuwa mbali walifurahia na waliokaa chini ya mlingoti wakahangaika. Nimerudisha zile fupi. Kama watumiaji wako wote wako upande mmoja, chukua antena bapa. Faida ya antena nzuri ni kwamba inasikia vizuri pia, na simu hurusha mawimbi dhaifu kuliko kisambaza. Ukiongeza nguvu ya kurusha peke yake, simu itaonyesha vijiti vimejaa huku ukurasa haufunguki.

Antena iwe karibu kabisa na kifaa. Kebo nyembamba ya antena iitwayo RG-58 hupoteza takribani desibeli 1 kwa kila mita kwenye 2.4 GHz, yaani ndani ya mita tatu tu, nusu ya nguvu imekwenda. Kwenye 5 GHz hali ni mbaya zaidi. Panda na kifaa juu, uteremshe waya wa mtandao, ambao unaruhusiwa hadi mita 100.

Waya huohuo wa mtandao ndio unaoleta umeme, mtindo uitwao PoE. Changu kinakubali 802.3af, kiwango rasmi cha PoE, ambacho hutoa wati 15.4 na kuhakikisha 12.95 zinafika mwisho wa waya. Napenda kwamba swichi hukitambua kwanza kifaa kabla ya kukipa umeme. Adapta za volti 24 zisizouliza kitu hurusha umeme kwa chochote utakachochomeka, na kwenye waya mrefu volti hushuka sana.

Muuzaji mmoja alinipa waya wa mtandao ulioandikwa Cat6, daraja la waya bora. Kila watu walipozidi, kifaa kilijizima na kujiwasha. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba! Nilipoweka shaba tupu tatizo likaisha palepale. Kwangua kabla ya kulipa.

Kwa sola, hesabu ni rahisi. Kifaa kikila wati 10 kwa saa 24, ni Wh (wati-saa) 240. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 50, ina Wh 600, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakuvusha siku moja ya mawingu na kidogo. Nimetumia kigeuzi cha kutoka volti 12 hadi 48 kinacholisha PoE moja kwa moja, bila inveta, maana inveta nayo inakula umeme.

Lawama yangu ni moja: hakiji na kinga ya radi. Nimenunua mwenyewe, moja kwa kila antena na nyingine pale waya unapoingia ndani, zote zimefungwa ardhini kwa waya mnene. Kifaa kinachouzwa kwa ajili ya mlingoti kilistahili kuja nazo kwenye boksi.