Fimbo iko poa, ila mshipi wake ni balaa

Nimeitumia hii seti siku nzima toka alfajiri mpaka jua linazama, mimi na jamaa yangu ambaye ndo alinitia huu ugonjwa wa kuvua trauti (samaki wa mito ya maji baridi) kwa flai, yaani chambo bandia kinachoiga mdudu. Ni fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi unaoifaa), vipande vinne, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) na mshipi vishafungwa tayari, unachomeka tu unaingia mtoni.

Fimbo yenyewe sina neno. Nyepesi, inapinda vizuri, na kila kipande kina kidoti cha kupangia pete za kupitishia mshipi zikae mstari mmoja (kitu kidogo ila vidole vikishakufa ganzi kwa maji ya baridi utashukuru).

Shida ni mshipi. Kwa wasiojua, flai haina uzito, ni manyoya na uzi tu kwenye kindoano, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uzito wake ndo unaipinda fimbo na kuibeba flai, so mshipi ukiwa mbovu umekwisha. Huu ukiuvuta unatoka umejikunja kama springi ya kalamu, unaunyoosha kwa mikono, dakika kumi umejikunja tena, halafu ncha inazama wakati umeandikwa ni wa kuelea! Ncha ikizama inaivuta flai, inaburuzika inaacha kamstari juu ya maji, na trauti hadanganyiki hapo, mdudu wa kweli anaenda na mkondo hapigi makasia. Nilikuwa namwona mmoja nyuma ya jiwe, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, anapanda, anaikagua flai, anashuka zake. Mara nne. Ya tano hakujisumbua hata kupanda.

Nikadhani ni mkono wangu. Naisimamisha fimbo kwenye 10 mbele na 2 nyuma za uso wa saa kama nilivyofundishwa (namba hizo, sio saa kumi na saa mbili, tusichanganyane), nasubiri mshipi unyooke nyuma, narusha, kitu kinaanguka kama kamba ya kuanikia nguo. Jamaa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaichukua fimbo akarusha mwenyewe mara mbili, akanyamaza. "Kaka, sio wewe." Akanipa rili yake ya akiba yenye mshipi wa namba 5 wa maana.

Aisee. Fimbo ileile, mkono uleule. Mara ya tatu flai ikatua mita moja kabla ya jiwe, upande maji yanakotoka, ikashuka na maji yenyewe, pua ikatokea, flai haipo. Hakuwa mkubwa, kama sentimita 25, ubavuni madoa mekundu yamezungukwa na weupe. Nikalowesha mikono kwanza maana mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga, kijino cha ndoano nilishakibana na koleo so ilitoka bila kumchana, nikamwachia.

Nyota 3, zote za fimbo. Ukiweza inunue peke yake na hela ielekeze kwenye mshipi, rili hata ya kawaida inatosha kwa trauti wa saizi hii. Ya jamaa bado iko kwangu, ameshaiulizia mara mbili.