NuMAD ni ya bure, ila andaa hela ya ANSYS

Kama unasoma uhandisi mitambo na umechoka kuchora panga la mtambo wa upepo kipande kwa kipande, ijaribu NuMAD. Ni programu ya maabara ya Sandia, Marekani. Haina malipo na msimbo wake uko wazi. Mimi naiendesha kwenye laptopu ya GB 16, kwa mfano wao wenyewe, SNL100-00: panga la mita 100, faiba glasi tupu, tani 114, lililosanifiwa kwa mtambo wa megawati 13.2. (Yale ya Ziwa Turkana, Vestas V52, hayafiki mita 26, na bado ukisimama chini yake shingo inauma.)

Kazi yako ni kujaza jedwali: umbo la kila mkato kutoka shinani hadi nchani, matabaka ya faiba, wapi pana povu gumu, kuta za ndani zinaanzia wapi. Yenyewe inageuza hayo kuwa modeli inayosomeka na ANSYS, programu ya kukokotoa jinsi kitu kinavyohimili mzigo. Ukitaka povu nene zaidi, unabadilisha namba moja, unatoa modeli upya, basi. Hapo wamenipata.

Uhondo uko kwenye mzigo. Upepo ukilipinda panga, upande mmoja unavutwa, mwingine unabanwa. Ukanda mnene wa katikati hauna neno. Kinachobonyea ni ule uwanda wa nyuma, pale panga linapopanuka zaidi, ngozi nyembamba juu ya povu. Ndiyo maana Sandia walitia ukuta wa tatu ndani. Ufute kwenye nakala yako uone mawimbi yanavyojitokeza.

Sasa kero. ANSYS inalipiwa, na toleo la wanafunzi lina kikomo cha nodi, yaani vidoti vinavyounda wavu wa modeli. Ukipanua matundu ya wavu ili usivuke kikomo, mawimbi mafupi yanakupita na panga linaonekana imara kuliko lilivyo. Tena, nodi zikiwekwa kwenye uso wa nje, majibu ya kusokotwa kwa panga usiyaamini. Na hesabu ya mstari (ile rahisi, inayochukulia mpindo unakua sawasawa na mzigo) hulichukulia panga kana kwamba halina dosari hata moja ya kiwandani, ndiyo sababu kanuni za Germanischer Lloyd, shirika la Kijerumani la kuidhinisha mitambo, zilidai kigezo cha 2.042, yaani panga lisibonyee mpaka mzigo uzidishwe mara 2.042. Ukipata 1.5, rudi kwenye jedwali.

NuMAD ya kawaida huendeshwa ndani ya MATLAB, programu ya hesabu. Usiye nayo, anza moja kwa moja na pyNuMAD, toleo lake la lugha ya Python.