Uzoefu wangu: nimeprinti magofu ya Piranesi nikatundika sebuleni

Wadau kama una ukuta mtupu na umechoka na yale mabango ya simba na machweo, soma hii. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 wameachia picha za kazi zao ambazo hazina tena hakimiliki, unashusha bure, unaprinti, hata ukitaka kuuza hakuna wa kukuuliza. Mimi nilienda moja kwa moja kwa Giovanni Battista Piranesi, yule jamaa aliyechora magofu ya Roma mpaka anafariki 1778, seti yake ya Vedute di Roma (yaani Mandhari za Roma) ina picha 135.

Sasa utamu wake uko hapa. Alikuwa anapaka bamba la shaba nta, anachora juu yake kwa sindano, halafu anatia asidi inakula ile mistari, kisha mistari inajazwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Sehemu za mbele anaziacha ziliwe zaidi zishike wino mwingi, ndo maana nguzo za mbele ni nyeusi tii na za nyuma zimefifia kabisa. Zumu uone, ukuta unaobomoka mistari yake inatetemeka, majani yanachomoza kwenye nyufa, hujui jiwe limeishia wapi na kichaka kimeanzia wapi. Jengo jipya lililonyooka halikupi hicho kitu aisee, mkono wa mchoraji unakosa kazi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya nguzo tatu za hekalu la Vespasian, mfalme wa Roma ya kale, zimefukiwa udongo karibu hadi vichwani. Enzi hizo pale Foro, uwanja mkuu wa Roma ya kale lilipo hekalu hilo, palikuwa malisho ya ng'ombe kweli, udongo wakaja kuuondoa karne ya 19, kwahiyo leo nguzo zimesimama nzima, ndefu, safi, na kwangu mimi hazina mvuto tena (wanaakiolojia mnisamehe). Halafu kuna picha ya 1776 ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, kaichora kutokea juu angani kama kwa droni, na wakati huo hata baluni la kubeba mtu halijaruka bado!

Ila mjue jamaa alikuwa anatia chumvi. Watu anawachora wadogo kama sisimizi ili kuta zionekane za majitu, mpaka Goethe, yule mwandishi wa Kijerumani, alipofika Roma akaona baadhi ya magofu yenyewe hayafikii alichozoea kwenye michoro. Mimi hainisumbui, nilitaka picha ya kutundika sio ramani ya kiwanja.

Upande wa kuprinti ndo kuna mtihani. Steshenari ya kwanza walinitolea kwenye karatasi ya kung'aa, na fundi "akaiboresha" kwa kuongeza weusi, vivuli vyote vikawa tope, nyufa hazionekani tena. Kwingine nikasimama pale pale nikawaambia karatasi nzito isiyong'aa, ule unjano wa karatasi ya zamani wasiuguse, saizi A2, maana ile Colosseum yenyewe ni kama sentimita 50 kwa 70 na ukiprinti A4 vile vitu vidogo vidogo vyote vinapotea. Ikatoka safi sana. Fremu ilinigharimu kuliko kuprinti, chukua nyeusi nyembamba, ya dhahabu inaua picha.

Picha zenyewe nyota tano. Ukienda steshenari nenda na flashi, usiwatumie kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, inabana faili na ile mistari myembamba inakufa yote.